Springi Namba Moja

Kazi yangu pale reli ya Voi ilikuwa kuunga na kuachanisha mabehewa. Anayeifanya tulimwita shanta. Unasimama katikati ya mabehewa mawili, jua limekukalia utosini, unanyanyua chuma, unakaza breki kwa mkono, unatoka haraka kabla dereva hajasahau kwamba upo. Nilifanya hivyo miaka ishirini na kitu. Watu wakiniuliza kwa nini nilikuwa nakusanya springi za mkono, huwa nataka kuwaambia wakasimame pale wiki moja kwanza, ndipo tuzungumze. Shanta hana mtaji mwingine. Mkono ukilegea, umekwisha.

Springi yenyewe ni kitu kidogo: vipini viwili vya mti, na juu yake waya mnene uliojisokota, unaovitenganisha. Unavifinya mpaka vikutane, unaachia, unafinya tena. Ya kwanza niliipata miaka ya mwanzo ya uhuru, meneja mmoja wa shamba la mkonge alipokuwa anauza vyombo vyake ili arudi kwao Uingereza. Watu waligombania viti na sufuria. Mimi nikatoka na kijisanduku ambacho hakuna aliyekitaka. Kwenye kipini palikuwa na namba, tatu. Baadaye Mgoa mmoja wa Mombasa, muuza vifaa vya michezo, aliniambia kwamba zilitengenezwa saba saba, ya kwanza laini kabisa na ya saba ngumu kuliko zote, na kwamba kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa zamani.

"Hizi hutapata tena," akasema.

Angenyamaza ningepona. Tangu siku hiyo nilizitafuta kama mtu aliyetumwa. Namba mbili niliitoa nyuma ya mikebe ya rangi katika duka moja Taveta. Nne na tano alinitafutia Mgoa mwenyewe. Sita ilikuwa kwa mwalimu wa misheni, ameitumia miaka mingi kuzuia dirisha lisijifunge. Namba moja niliikuta Mombasa kwenye rundo la vikuukuu, nikaifinya kwa vidole viwili, nikacheka. Mke wangu alikuwa akizipangusa vumbi kwenye rafu ya nyumba yetu ya reli, na kila nilipoingia na nyingine alisema lile lile: "Wenzako wanaleta sukari, wewe unaleta vyuma."

Namba saba ilikuwa Kishushe, kwa mzee mmoja mtafuta madini aliyeishi peke yake katika kibanda cha mabati. Hakutaka pesa, alitaka tubadilishane. Nikampa namba moja bila kufikiri mara mbili. "Chukua hiyo ya wanawake," nilimwambia. Tukacheka wote wawili. Nilirudi Voi na namba saba mfukoni, na kwa miaka minne nilijaribu kuifinya vipini vikutane. Sikuweza hata mara moja. Kila asubuhi ilinishinda kabla sijaanza kushindwa na mambo mengine.

Kisha mke wangu akaanguka kwenye mfereji, akifua. Kiharusi. Mdomo ulipinda, ukarudi. Mguu uliburuta, ukarudi nao, taratibu. Mkono wa kulia ulibaki umekunjamana kifuani, hauna nguvu hata ya kushika kijiko. Daktari alisema apewe kitu cha kufinya kila siku.

"Kitu kama nini?" nikamuuliza.

"Chochote. Hata soksi kuukuu ukiikunja."

Soksi! Nilikasirika kama nimetukanwa. Mimi ninazo springi sita kwenye rafu, ambazo hakuna mwingine kutoka Mombasa hadi Nairobi aliye nazo, halafu niende kumfinyisha mke wangu soksi? Nikafika nyumbani nikamwekea namba mbili kiganjani. Vidole vyake vilizunguka vipini, vikatetemeka, springi ikaanguka sakafuni. Tukajaribu tena, ikaanguka tena. Akaniangalia. Nilijua nilichohitaji ni namba moja, na nilijua ni nani niliyempa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku yangu ya mapumziko nilipanda lori la ng'ombe mpaka lilipoishia, nikatembea maili zilizobaki hadi Kishushe, vumbi hadi kwenye meno, namba saba mfukoni ili nimrudishie mwenyewe. Mzee wa madini alinikumbuka. Springi yangu alikuwa ameifunga kwenye banda la kuku, isukume mlango ujifunge wenyewe.

"Hiyo nyingine imekushinda?" akauliza.

"Nataka hii. Mke wangu ameugua mkono."

Aliacha kucheka. Alichukua koleo, akaifungua mwenyewe, akaipangusa mavi ya kuku kwa suruali yake. Nikamnyooshea namba saba. "Rudi nayo," akasema. "Hiyo haina kazi ya kufanya hapa." Njia nzima ya kurudi nilikuwa na springi mbili mfukoni na sikujua niweke wapi uso wangu.

Basi tukaanza. Mara kumi asubuhi kabla sijaenda kazini, mara kumi nikirudi. Nilihesabu kwa sauti, kama tunavyohesabiana tukisukuma behewa. Vipini vilisogea kidogo, upana wa punje ya mahindi, vikagoma. Nilichora alama za chaki ukutani. Akisema imetosha, nasema mbili zaidi. Nilitoka kazini nimechoka, naye nilimkuta amechoka, tukakaa pale tukihesabu. Chakula alituletea mama jirani, mke wa mpiga makaa wa injini, mtu wa Magharibi, naye hakulalamika hata siku moja, jambo lililonifanya nimwonee aibu zaidi.

Mvua za vuli zilipokaribia, mama yangu alishuka kutoka milimani na kikapu cha viazi vitamu. Mke wangu akamtengenezea chai, akaibeba mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akamnyooshea kikombe. Mama hakupokea. Alikunja mikono yake mapajani, akatazama ukuta, mpaka kikombe kilipowekwa mezani. Hapo ndipo akakichukua. Akasema kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwamba kwake, mkono wa kushoto ni wa kumtupia mbwa. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyotulea, na mimi nilikuwa nimewalea wanangu vivyo hivyo, nikiwapiga vidole wakinipa kitu kwa kushoto.

Ilinipasa kusema kitu pale. Badala yake nilisema, "Mkono utarudi, mama. Krismasi njooni wote mle kwangu. Atawapikia kimanga mwenyewe."

Kimanga ni viazi na maharagwe vilivyopondwa kwa mwiko mpaka vishikane, na kukipondea watu kumi na tano ni kazi ya mkono hasa. Mke wangu aliinama akachukua kikombe kitupu. Nilimwona usoni kwamba nimemtwika mzigo, nikajidanganya kwamba ni mzigo wa kumtia moyo. Jioni ile nikapandisha hesabu, kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni.

Novemba ikaisha. Alama za chaki zilikuwa zimejaa kuanzia dirishani hadi mlangoni, na zote zilisema neno moja. Vipini havikukutana. Kuna siku nilimfokea. Nilimwambia hajitahidi. Akafinya mpaka machozi yakamtoka, nami nikahesabu.

Wiki mbili kabla ya Krismasi gari la mizigo lilikwama njiani, tukaambiwa twende nyumbani hadi mchana. Nilifika saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa miguu, kitambaa kimezungushwa isiteleze, na mkono wake wa kushoto unaponda kimanga. Haukuwa mkono wa kujaribu. Ulikuwa unakwenda juu na chini kwa nguvu na mpango, msuli umesimama, na yeye anaongea peke yake kwa sauti ya chini, kama zamani alipokuwa mzima. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tu, umeshika ncha ya kitambaa.

Aliponiona aliachia mwiko. Akaanza kuvuta leso afunike sufuria.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya mvua. Mama jirani ndiye alikuwa ananiletea viazi. Hii chakula umekuwa ukikula ni yangu, si yake."

"Na springi?"

Aliuchukua mwiko tena. "Nilikuwa nafinya kwa sababu yako, baba watoto. Wewe ndio ulikuwa unataka hiyo mkono irudi. Mimi nilikuwa nataka kupika tu."

"Sasa kwa nini ukanificha?"

"Ungeniambia nini? Si ungesema nimekata tamaa?"

Ningesema hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kitanda na buti zangu za kazi. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo kulala hakungeponya, na nilikuwa na aibu mbele ya mwanamke aliyenilisha miezi mitatu huku mimi nikimhesabia. Mwishowe nilimwuliza kama kimanga kimeiva. Akasema bado kidogo, nikamshikia sufuria akamalizia.

Siku ya Krismasi walishuka wote, ndugu zangu na wake zao na watoto, na mama yangu akakaa kwenye kiti chenye mto. Walipouliza habari za mkono, nilisema umebaki vile vile. Mke wangu akapakua. Sahani ya kwanza ni ya mkubwa wa nyumba, kila mtu anajua. Aliinua kwa kushoto, akavuka chumba, akasimama mbele ya mama. Watoto waliacha kupiga kelele. Mama akakunja mikono mapajani.

Nilinyanyuka, nikaipokea ile sahani kutoka kwa mke wangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kwa mkubwa wake. Kisha nikaihamishia mkono wangu wa kushoto, ule mzima, wa shanta, nikamnyooshea mama yangu. Sikuwahi kumpa kitu hivyo tangu nizaliwe. Sahani ilikuwa ya moto, nikaishikilia.

Aliutazama mkono, akanitazama mimi, muda mrefu.

Akapokea. Mke wangu alikuwa ameshageuka kupakua ya pili.