Kisanduku Kifuani mwa Emerance

Étienne alikuwa fundi wa magari hapa kwetu Rwambuzi, mtaa wa Bunia, na kiburi chake kilizidi ufundi wake. Mkewe, Emerance, alikuwa kipofu. Wakati wa vita, kijijini kwao Djugu, watu waliingia jikoni mwake bila kusema neno, na panga likapita machoni. Walipohamia Bunia waliishi kama sisi wote, katika amani hii ya kulala na kandambili miguuni, tayari kukimbia.

Majirani tulikuwa na desturi moja kwa Emerance, ambaye tulimwita Mama Gracia: ukimkaribia, unataja jina lako.

"Mama Gracia, ni miye Angélique, naleta mayi."

Angélique, mama yake Orly, ndiye jirani aliyemchotea maji kila asubuhi. Wengine walimshika mkono kwenda sokoni, naye Emerance alichoka kuvutwa kama mbuzi wa kuuzwa. Alitaka kwenda mwenyewe.

Étienne akang'oa, kwenye gari lililopata ajali, vile vidude vya nyuma vinavyomwonya dereva asigonge ukuta. Akavifunga ndani ya kisanduku, akamvalisha mkewe kifuani. Kisanduku kilitoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti ikigonga kitu, inarudi, nacho kisanduku kinapima ilivyochelewa. Kitu kikiwa mbali, kisanduku kilitetemeka kidogo. Kikikaribia, kilitetemeka kwa nguvu. Étienne alikijaribu kwenye kuta, milango ya mabati na mti wa avoka. Emerance alizunguka uwanja mzima bila kujigonga, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilifurahi, sitasema uongo.

Ubaya ulianzia hapo. Mtaa mzima ukasema Emerance sasa anaona, na watu wakaacha kutaja majina. Walisimama mbele yake kimya, wamebana pumzi, wapate tu kuona kisanduku kikitetemeka. Watu wazima na akili zao!

"Mashini yako inaniambia mutu iko," Emerance alimlalamikia mumewe. "Haisemi ni nani. Naogopa."

"Utazoea tu," Étienne akajibu. Nilisikia kwa masikio yangu, na hasira haijanitoka.

Asubuhi moja ya baridi, Emerance alikuwa jikoni akiepua sufuria ya maji ya bugali. Angélique akaingia na bidoni la maji, amejifunika blanketi zito. Hakusema kitu, aliiachia mashine kazi hiyo. Lakini kitu laini kinaimeza sauti ile, hairudi vizuri, na Étienne hakuwahi kukijaribu kisanduku chake kwa mtu aliyevaa blanketi. Kilikaa kimya mpaka Angélique alipokuwa karibu kumgusa, ndipo kikatetemeka kwa nguvu zote mara moja. Mtu, kimya, ndani ya jiko lake. Emerance alimmwagia maji yote usoni.

Siku iliyofuata Étienne alimwongoza mkewe hadi hospitalini. Emerance alipiga magoti kando ya kitanda cha Angélique, akilia.

"Mama Orly, unisamehe. Juu ya nini haukusema ni weye?"

Angélique alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wa mwenzake.

"Nilizania unaniona," alisema.

Emerance akainua mkono mwingine kumpangusa machozi. Vidole vyake vilifika shavuni, vikapanda, vikakuta bandeji imefunika macho yote mawili. Hakuna aliyekuwa amemwambia.