Kiingilio cha Mjomba Ratemo

Mjomba wangu Ratemo hajawahi kulipa pesa ili afurahi. Husema mtu anayelipia raha ni sawa na yule anayenunua maji akiwa amesimama ndani ya ziwa. Ni fundi wa stovu za mafuta ya taa. Kwake ni Migori, na enzi hizo mara mbili kwa mwezi alifunga mkoba wa vyombo akaenda Homa Bay, ambako stovu huharibika kwa bidii zaidi. Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nimeiacha stashahada yangu ya uhasibu katikati, au yenyewe iliniacha, tuseme tu tuliachana kwa amani. Mama akanikabidhi kwa kaka yake nimbebee mkoba.

Nilidhani nitajifunza stovu. Nilichojifunza ni jinsi ya kukaa siku tatu katika mji wa watu bila kutoboa mfuko na bila kupiga mwayo.

Alfajiri tulikwenda gatini kusikiliza wauza samaki wakichambuana. Siku moja mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba mbuta wake alikufa juzi, akazikwa jana, na leo amefufuliwa ili auzwe. Mjomba alitembea na kicheko hicho mpaka jioni. Alasiri zilikuwa za duka la Mubarak, mtu wa Lamu aliyeuza redio mkabala na korti. Mjomba alikuwa "akichagua" redio humo kwa mwaka wa tatu, na kila mara aliomba ijaribiwe saa ya mpira.

"Mzee Ratemo," Mubarak humwuliza, "hii redio utaioa lini?"

"Bado tunachumbiana, Mubarak. Usituharakishe."

Mubarak husonya, kisha huongeza sauti ili sote tusikie vizuri.

Lakini raha kuu ilikuwa korti. Mlango wazi, benchi la bure, na kila asubuhi hadithi mpya. Mjomba alikuwa na nafasi yake, benchi la tatu karibu na dirisha, ambapo upepo wa ziwa hukupata na macho ya hakimu hayakupati. Alinipa sheria moja tu: "Mtazamaji hana mdomo." Alikuwa amewahi kumwona mtu aliyecheka pasipofaa akipelekwa kushinda seli moja na watu aliokuwa akiwacheka.

Siku hiyo aliletwa kizimbani kijana aitwaye Onsongo, miguu mitupu, kutoka huko juu milimani Kisii. Kiongozi wa mashtaka akasimama akaeleza. Kijana alikamatwa sokoni na cherehani kichwani. Alipoulizwa ni ya nani, alijibu, "Ni ya baba." Alipopekuliwa, mfukoni mkatoka risiti ya cherehani hiyo, na jina lililoandikwa humo ni la mwanamke.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, ama baba ya huyu ni mwanamke, ama huyu ni mwizi."

Korti ikacheka. Mimi pia, niliyelelewa mjini kwa Kiswahili. Nikamgeukia Mjomba tucheke pamoja, nikakuta ameuma midomo.

Mkalimani siku hiyo alikuwa Cephas, ambaye Kidholuo alikijua mpaka mizizi na Kikisii hakukijua hata salamu. Akajaribu Kiswahili. "Wewe, hii cherehani ni ya nani?"

"Ya baba," alisema Onsongo. Machozi yakamtoka. "Baba ako nyumbani. Baba ako mgonjwa ya mguu."

Hakimu akatikisa kichwa, akashika kalamu. "Arudi rumande wiki mbili, tutafute mkalimani."

"Shika mkoba," Mjomba akaninong'oneza. Nilidhani anakwenda haja. Kumbe anasimama.

"Mheshimiwa, huyu mtoto hajasema uongo."

"Jaduong', kaa chini!" Cephas akamsihi kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mzee wake atoke barabarani.

Hakimu akavua miwani. "Wewe ni nani?"

"Ratemo, Mheshimiwa. Fundi stovu, Migori."

"Una kesi hapa?"

"Hapana."

"Ni ndugu ya mshtakiwa?"

"Simjui kabisa."

"Sasa unafanya nini ndani ya korti yangu?"

Mjomba akashika shingo yake. Nilimwona akiutafuta uongo, akaukosa. "Kujipumzisha, Mheshimiwa."

"Yaani hapa ni sinema?"

"Ni kushinda sinema, Mheshimiwa. Na hakuna kiingilio."

Hata askari wa mlangoni aligeuka akaangalia ukuta. Mimi nilikumbatia mkoba nikianza kupanga nitamwambiaje mama.

"Leo kiko," alisema hakimu. "Njoo mbele. Kula kiapo, utafsiri. Ukidanganya, utajipumzisha vizuri huko rumande." Akaichukua ile risiti, akaikunja kiganjani. "Muulize mama yake anaitwa nani."

Mjomba akauliza. Onsongo aliposikia Kikisii, alimwaga maneno kama gunia la mahindi lililopasuka.

"Anasema mama yake ni Kemunto. Cherehani ni ya huyo mama, sindano inaruka, akamtuma kwa fundi wa huku. Mheshimiwa, kwetu Wakisii mama ndiye tunamwita baba. Hivyo ndivyo amemwita tangu anyonye."

"Na baba mwenyewe?"

"Huyo ni tata."

Hakimu akafungua kiganja, akalisoma polepole jina la Kemunto kwenye risiti, akampa kiongozi wa mashtaka naye asome. Yeye akasoma mara mbili, kisha akakaa.

"Sasa Ratemo, kama mama ni baba, watoto wenu hujuaje nani wa kuogopa?"

"Huogopa mama, Mheshimiwa. Kama kwa kila mtu."

Onsongo aliachiliwa, akatoka kwa mlango uleule tuliotoka sisi, cherehani kichwani, mkono mmoja umeng'ang'ania koti la Mjomba. Hakusema asante. Alisema tu kwamba fundi amefunga duka, na hawezi kurudi kwa baba na sindano inayoruka.

"Weka hapa," Mjomba akasema.

Akakaa kwenye ngazi ya duka la Mubarak, akafungua mkoba, akaanza kuichokonoa cherehani ile kana kwamba ni stovu kubwa. Watu wa korti wakatoka wakasimama. Wauza karanga wakaja. Cephas akaja. Mubarak akatoa stuli yake nje, akakaa mbele ya wote.

Mjomba akainua macho, uso umejaa mafuta. "Nyinyi watu hamna kazi?"

"Tunajipumzisha tu, Mzee Ratemo," alisema Mubarak, akapokea karanga. "Endelea."