Nilipomuongeza Ilunga Kwenye Kundi

Juzi nilifungua kundi la kuchati kwenye simu, nikaongeza wenzangu tuliosoma pamoja shuleni Katuba, hata Ilunga, mtoto wa mwalimu wetu. Tulikumbushana vumbi la chaki na mvua juu ya mabati. Raha ikanilevya, nikaandika: "Munakumbuka suruali ya mwalimu yenye biraka? Mimi njo nilimupaka jina la Kiraka!"

Wote wakacheka. Kisha kwenye namba ya Ilunga ikaingia sauti ya mzee, ile ile ya darasani:

"Kumbe njo wewe, Kabedi! Ilunga alishaniachiaka hii simu. Bile biraka, mama yake njo alikuwa anashonaka, mbele ya kufa kwake. Nafurahi mungali munabikumbuka."

Mimi, bibi wa miaka hamsini, nilisimama wima pale sebuleni, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.