Ufunguo wa Gari Ulikaa Kwangu Jumapili

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili ukiendelea kusoma usije ukamlaumu dereva, wala mvua.

Mimi ni mzee wa kanisa katika kijiji kimoja upande wa Ndera, kando ya mto Tana. Kanisa letu lina gari moja kuukuu la foo-wili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mvua za masika zikianza, ni hilo tu linaloweza kuvuka udongo mweusi hadi kwenye lami ya kwenda Garsen. Siku ya Jumapili gari hilo halifanyi kazi. Ufunguo hukaa kwangu, kwenye msumari ukutani, hadi Jumatatu. Desturi hiyo niliiweka mimi, na niliipenda.

Rehema ni mke wa mwanangu. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mwanangu yuko kazini mbali, na alipoondoka aliniambia, "Baba, nakuachia Rehema." Jumamosi hiyo nesi wa zahanati alituambia mtoto amekaa vibaya tumboni. Alitaka Jumatatu tumpeleke hospitali akangojee huko, asije akashikwa na uchungu kijijini.

Jumapili tulipotoka ibadani, wingu lilikuwa limefunga. Dereva wetu, ambaye hapa nitamwita Komora, alinifuata hadi nyumbani.

"Mzee, naomba ufunguo. Spana na jeki zimo ndani ya gari."

"Za nini?"

"Habu ya mbele, ya kushoto, imeshikwa na matope yaliyokauka."

Habu ni kile kitu cha katikati ya gurudumu ambacho dereva hukizungusha kwa mkono ili mbele nako kuvute. Moja ikikataa, mbele hakuvuti kabisa.

"Nitaifungua, niioshe, niitie grisi," Komora akasema. "Halafu nitafute beleshi na mbao mbili za kuweka chini ya tairi. Jioni nitakuwa nimemaliza."

"Komora, leo ni siku ya Bwana."

"Najua, Mzee. Lakini ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Bwana si hutolewa? Wewe mwenyewe ulituhubiria hapa juzi juzi."

Waumini waliokuwa uani kwangu walicheka. Nami nikacheka.

"Ng'ombe wako hajatumbukia bado," nikamjibu. "Akitumbukia, uje uniite."

Wakacheka tena, zaidi. Nilifurahi kwa jibu lile. Katika mambo yote ya siku ile, hiyo furaha ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi.

Komora alitazama juu, kisha akanitazama. "Haya, Mzee. Mwenye msumari ni wewe."

Mvua ilinyesha hadi kukicha. Jumatatu alfajiri Rehema akashikwa na uchungu. Hapakuwa na wakati wa kufungua habu. Tuliweka godoro nyuma ya gari, tukamlaza, nami nikapanda nikakaa karibu naye. Kabla ya kuondoka niliweka mkono juu ya boneti nikaombea safari, kama tunavyofanya siku zote. Niliomba kwa kirefu. Komora alisubiri, ufunguo mkononi.

Tulikwama katika bonde la kwanza. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mahali pamoja hadi gari likakaa kwa tumbo. Komora alilala ndani ya matope akaigonga habu kwa jiwe, akaigonga, haikugeuka. Beleshi hatukuwa nalo. Tulichimba kwa sufuria niliyokuwa nimebeba kwa ajili ya uji wa mgonjwa. Rehema hakulia. Alishika mkono wa shati langu, na kila uchungu ulipokuja aliuvuta.

Saa zilipita. Wachungaji wa Kiorma walipita na ng'ombe wao wakatuona, wakaja kutusaidia. Walikata matawi wakayasukumiza chini ya tairi. Mmoja wao aliinama akatazama mbele ya gari.

"Hili si foo-wili?"

"Ni foo-wili," Komora akamjibu, bila kunitazama. "Leo linavuta nyuma tu."

Ng'ombe wao walisimama pembeni, juu kwenye ardhi ngumu, wakitutazama. Wote walikuwa wazima.

Tulifika hospitali alasiri. Walitupokea vizuri, wakafanya yote waliyoweza. Rehema alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakupumua.

Namshukuru Mungu kwa uhai wa Rehema. Nashukuru kila asubuhi, kwa sauti, na ninayasema maneno hayo kwa kweli. Lakini ndani ni kama mkono uliolaliwa. Naugusa, siuhisi. Nazika, naombea wagonjwa, nasoma zaburi, na watu wanasema nasoma vizuri.

Rehema bado ananiletea chai asubuhi. Siku moja aliniambia, "Baba, usijitese. Ni mapenzi ya Mungu." Hayo ni maneno niliyowaambia wafiwa wengi, miaka mingi. Safari hii sikuweza kuitikia amina.

Mwanangu alinipigia simu kunishukuru kwa kuhangaika na mkewe matopeni. Hajui habari ya ufunguo. Komora hakumwambia, na mimi sikumwambia. Nimeandika hapa kwanza ili nijue maneno yanavyokaa. Nikimaliza nitampigia.

Msumari bado uko ukutani, lakini ufunguo sasa hukaa kwa Komora. Jumapili iliyopita wingu lilifunga, na katikati ya ibada tukasikia spana ikigonga chuma nje. Hakuna aliyegeuza shingo. Niliendelea kusoma.

Mzee mwenzangu, wewe unayetunza gari la kanisa au la msikiti au la kijiji, sikupi fundisho la dini. Nakuomba jambo dogo tu. Dereva akikujia wingu likiwa limefunga, akakuambia kuna kitu kimekwama kwenye gurudumu, usitafute jibu la kuwachekesha watu. Mpe ufunguo, kisha ukamshikie spana.