Paka Watatu wa Machimboni Kitengela

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Daktari wa Mifugo wa Wilaya pale Kajiado alinipeleka moja kwa moja kwenye josho, ule mtaro wa dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kuua kupe. Kufikia saa sita nilikuwa nimelowa mpaka shingoni. Nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, mwanamke pekee ofisini, na kwa miaka mingi, Kajiado na baadaye Bisil, sikuwahi kutibu paka hata mmoja.

Nilipohamishiwa Kitengela, mama mmoja aliyeponda kokoto machimboni, Mama Mwende, aliniletea paka wadogo wanne ndani ya katoni. Mama yao, paka wa porini, alikuwa ameangukiwa na mawe akafa. Walikuwa wanahara na matumbo yamevimba. Mama Mwende alisema amekuwa akiwapa maziwa ya ng'ombe.

Nikaona ni minyoo, nikawapa dawa siku hiyo hiyo. Asubuhi mmoja wao, mweusi na mdogo kuliko wote, alikuwa amekufa.

Daktari Msimamizi wa kituo, mzee Mmaasai wa maneno machache, alimwinua mmoja wa waliobaki, akavuta ngozi ya shingo. Ilisimama, haikurudi.

"Umetibu minyoo, mnyama umemwacha," aliniambia. "Huyu ameishiwa maji. Ukimpa dawa akiwa hivi, unammaliza."

Nilimuuliza kama si afadhali tuwadunge sindano ya kuwalaza kabisa, wasiteseke.

"Kwani umechoka?"

Nilimjibu kwamba sijachoka, naogopa.

"Basi ogopa ukifanya kazi."

Nikaanza upya. Kwanza joto: chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa, kwa maana tumbo lililopoa halisagi chakula. Halafu maji yenye chumvi na sukari kidogo, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Maziwa ya ng'ombe niliyakomesha, ndiyo yaliyokuwa yakiwaharisha. Siku ya tatu wakalamba kuku wa kuchemsha niliyemponda laini. Dawa ya minyoo ilikuja mwisho, baada ya kuwapima kwenye mizani ya duka la jirani.

Baada ya wiki moja nilikuta kinyesi kigumu kwenye mchanga wao. Nilimwita Daktari aje aone. Alikiangalia kwa makini, akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Mama Mwende aliwachukua wote watatu.

Sasa nimestaafu, na watu wa mtaa bado wananiletea paka waliookotwa. Yule mweusi sijamsahau. Kwa ajili yake siharakishi dawa. Kila anayekuja namuuliza kwanza alimlisha paka nini. Akisema maziwa, simkaripii. Mara nyingi ni maziwa aliyoyapunguza kwenye chai ya watoto wake.