Mlango Ulioanikwa Juani

Kwetu karibu na Kamukuywa, ubao pekee mpana ulionyooka ulikuwa mlango wa nyumba. Ndiyo maana mama alipomaliza kudarizi kitambaa cha mto wa kiti, aling'oa mlango.

Mama alikuwa amefanya kazi ya yaya kwa Wazungu fulani nje ya Kitale, na huko ndiko alikojifunza kudarizi kwa nyuzi za sufu kwenye kitambaa kigumu chenye matundu. Kazi yenyewe nzuri, ila ina kisirani chake. Mishono yote inalalia upande mmoja, na ukija kumaliza, kitambaa nacho kimelalia huko huko. Dawa yake ni kukilowesha, kukivuta pembe kwa pembe mpaka kinyooke, kisha kukipigilia ubaoni kwa misumari ya shaba isiyoshika kutu. Ukikitoa kibichi, kinapinda tena.

Mto ulikuwa wa wageni wa Jumamosi: karani mmoja wa Bungoma na baba zake wadogo, waje kuniposa. Mimi sikumtaka. Nilikuwa nimemwona sokoni, viatu vinang'aa, nywele zimepasuliwa njia, nikasema huyu anajisikia. Mama alisema jibu ni langu, na mimi jibu nilikuwa nalo tayari.

Basi si wakaja Ijumaa. Mlango umeegemezwa ukutani juani, kitambaa bado kinatona maji, na mama yuko ndani anapaka sakafu samadi, kichwa wazi, nguo ameikunja hadi magotini. Kwetu sisi mama wa binti na mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakionana, ni aibu ambayo hata mbuzi wa fidia haimalizi. Na nyumba ile ilikuwa na njia moja tu ya kutokea.

Shangazi alikimbia akasimama mlangoni ameshika kiuno, lakini shangazi alikuwa mwembamba kama ufito, hakuziba kitu. Niliogopa sana kwa ajili ya mama.

Yule karani aligeuza uso pembeni. Akapapasa ukuta mpaka akaufikia mlango, akaubeba, akauegemeza mahali pake, akaushikilia kwa bega. Bega lenyewe lilikuwa juu ya kitambaa, na rangi nyekundu ya nyuzi ikaanza kuingia kwenye shati lake jeupe.

"Kitoe hicho, baba, kinakuharibia shati," shangazi akamwambia.

"Kimepigiliwa kikauke," akasema. "Wacha kikauke."

Akabaki hapo. Mama alipokuwa amejifunika vizuri, akagonga ubao kwa ndani. Karani akauinua mlango, akajificha nyuma yake, akawa anauzungusha polepole kama ukuta unaotembea, na mama akapita upande wa pili mpaka kibanda cha jikoni, nje. Baba zake wadogo walikuwa wameinamisha vichwa wote.

Wageni walipokuwa wanakula, nilimpelekea mama chai jikoni. Akaniuliza kijana mwenyewe anafananaje, maana yeye hakumwona na hatakuja kumwona maisha yake yote.

Nikafungua mdomo nimweleze, nikakuta siwezi. Muda wote ule uso wake sikuuangalia. Nilikuwa naangalia mikono.

"Mama," nikasema, "nimekubali."