Foleni ya Diski na Sauti ya Marehemu

Andika kama nisemavyo, mjukuu wangu, wala usijipambe, kwani aibu hii ni yako.

Wifi yangu, ambaye macho yake hayaoni tena, alitoka Jomvu Kuu akaja hapa Utange kwa jambo moja: kuisikia sauti ya kaka yake, marehemu mume wangu, uliyoihifadhi ndani ya kompyuta yako. Kesho yake alikuwa anahamia Lamu kwa bintiye, na katika umri wetu anayeaga haahidi kurudi. Nikamkalisha, nikamtilia kahawa, nikakuita.

"Abee, bibi."

"Mfungulie wifi yangu sauti ya babu yako."

Ukabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka kiooni. Kahawa ikapoa, nacho kingali kinazunguka.

"Kaka yangu hata huko aliko ni mzito wa kuitika," akasema wifi. Tukacheka. Baadaye hatukucheka.

Nilipokuuliza sababu, ulisema kompyuta ilikuwa ikinakili picha za harusi ya jirani. Diski, ulinieleza, ni sahani inayozunguka, yenye mkono mmoja wa kusoma na kuandika. Kila ombi hupanga foleni, na kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ndicho kiamuacho lipi litangulie.

"Nimekitungia kanuni mpya, bibi. Huhudumia ombi lililo karibu na mkono, ili mkono usihangaike kwenda na kurudi. Vipande vya harusi vimekaa pamoja na vinaingia mfululizo. Sauti ya babu iko ukingoni."

"Na aliye mbali?"

"Husubiri."

"Mpaka lini?"

Ukainamisha kichwa. "Maadamu walio karibu wanazidi kuingia, huenda asifikiwe kamwe. Sisi huiita hali hiyo kufa njaa."

Wallahi, niliona kinyaa. Nimepakua pilau za hitima tangu ujana wangu. Sinia la kwanza huenda kwenye mkeka wa mlangoni, wanakokaa waliotoka mbali. Walio karibu na jiko harufu imekwisha kuwashibisha nusu. Mpakuzi anayewajaza wa karibu kwa uvivu wa kutembea, sisi humpokonya upawa mbele za watu. Nawe niliyekulea mimi ukakifundisha chuma tabia ya mpakuzi huyo, ukaiita wepesi! Na njaa hiyo mnaijua, mmeipa hata jina, kisha mnakaa nayo kama watu waliomzoea panya wa stoo.

Nje tuktuk ikapiga honi. Dereva aliyemleta wifi alikuwa amerudi kumchukua. Wifi akaanza kuvitafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Kanuni ya zamani," ukanong'ona, "huliwekea kila ombi muda wa kungoja; muda huo ukipita, mkono huliendea hata likiwa mbali. Niliiondoa kwa sababu ilipunguza kasi."

"Irudishe."

Ukairudisha. Harusi ikasita, na sauti ikatoka: marehemu akimkemea fundi aliyepaka chokaa hadi kwenye vioo vya madirisha. "Nimekwambia upake ukuta, wewe wanipofushia nyumba nzima!"

Wifi alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akaielekezea sauti ile shavu lake, kama mtu anayeota jua. Kisha akaketi tena.

"Mwambieni dereva angoje. Nirudishieni hapo pa fundi."

Jirani alipokuja kuulizia picha zake, nilimjibu mimi mwenyewe, tena kwa ukali, kwamba naye apange foleni.